Hodi, Mlango wa 9100

Katika sebule nyingi za Dar es Salaam siku hizi kuna mashine iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama ilivyofunikwa redio ya babu enzi zile. Ni printa. Ilinunuliwa kwa shangwe, ikatoa picha za watoto kwa rangi, ikaprinti wiki mbili tatu, halafu ikanyamaza. Sasa kazi yake ni kubeba rimoti na chaja za simu. Mtoto akiagizwa na shule kitu cha kuchapa, hukabidhiwa flashi na hela, akavuka barabara hadi steshenari kuprintiwa na mashine ambayo pengine ni pacha wa ile iliyolala kwao.

Ukiuliza ina nini, utajibiwa kwa neno moja: mbovu. Baba anasema wino umekauka. Mama anasema tangu umeme ukatike ile Jumapili haijakaa sawa. Fundi aliitwa, akaitoa kwenye kompyuta na kuirudisha, ikaprinti mbele yake, akalipwa, akaenda zake. Baada ya siku nne, yaleyale.

Dai la makala haya ni hili: nyingi kati ya printa hizo ni nzima. Wino upo, rola zinazunguka, karatasi haijakwama. Kilichopotea ni njia. Kompyuta inaendelea kubisha kwenye nyumba ambayo printa ilishahama, na ndani ya familia hakuna ajuaye ilikohamia kwa sababu hakuna aliyewahi kuambiwa ilikokuwa. Watu wanaotunza namba ya mita ya umeme, ya king'amuzi na ya NIDA hawajui namba nne fupi za mashine waliyoitolea nusu ya mshahara. Kutozijua huko kuna bei, na familia inailipa kwa awamu: kwa fundi, kwa steshenari na kwa usingizi.

Geti jeusi si anwani

Kabla ya mwaka 2022, kuelekezana mjini kulikuwa fani. Shuka kituoni, ukifika kwa Mangi kata kushoto, mpite muuza mkaa, nyumba ya geti jeusi. Maelekezo hayo yalifaa sana hadi mwenye nyumba alipopaka geti rangi ya kijani. Mwaka huo, kabla ya Sensa ya Agosti, ikapita Operesheni ya Anwani za Makazi: nguzo zenye majina ya mitaa zikasimikwa, vibao vya namba vikabandikwa kwenye nyumba. Watu bado wanaelekezana kwa Mangi na mkaa, lakini siku ya dharura namba ipo.

Vifaa vya ndani navyo vina mtaa wao, na mjumbe wa mtaa huo ni rauta. Kila simu, runinga, laptopu na printa inayojiunga na waifai hupewa anwani ya IP: namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Chukua 192.168.1.37. Katika nyumba nyingi namba tatu za mwanzo ndizo jina la mtaa, na ya mwisho ndiyo namba ya nyumba. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani, pamoja na zile zinazoanza na 10 na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31. Ndiyo maana printa ya Tabata na ya Muscat zinaweza kuwa na anwani moja bila kugombana. Ni kama Mtaa wa Uhuru: miji mingi inao, wala hakuna anayechanganyikiwa.

Anwani peke yake haitoshi, maana nyumba ina milango. Mgeni wa heshima hupita mbele, muuza maziwa hupita uani. Kwenye mtandao milango hiyo huitwa poti, na kifaa kimoja kinaweza kuwa nayo zaidi ya 65,000, karibu yote ikiwa imefungwa saa zote. Printa hufungua michache tu. Wa 9100 ndio maarufu kuliko yote. Ulitoka kwa HP, kampuni iliyoleta vifaa vyake vya JetDirect mwaka 1991 ili printa za ofisini zijitegemee kwenye mtandao bila kufungwa kwenye kompyuta ya mtu. Mlango huo hauna maswali: kinachomiminwa kinakwenda moja kwa moja kwenye karatasi. Wa 631, uliokuja na itifaki ya IPP mwaka 1999, una adabu zaidi. Hupokea kazi, hutaja karatasi iliyomo, hurudisha habari kwamba wino umepungua. Wa 515 ni wa wazee wa Unix, bado upo na unaheshimiwa. Na wa 80 ni ule ambao wenye printa wengi hawajui kama upo. Nyuma yake imekaa tovuti ndogo, ndani ya printa yenyewe.

Mafundi wana amri inayoitwa ping, ambayo kwa Kiswahili haina tafsiri bora kuliko hodi. Kompyuta inabisha, kifaa kinaitikia karibu. Adabu za Pwani zinamtaka mgeni apige hodi mara tatu, asipoitikiwa aondoke. Windows hupiga nne, kisha nayo inakata tamaa.

Umeme unaporudi

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkazi wa Tabata, alikaa wiki tatu bila printa. Usiku wa Jumapili alikuwa na mtihani wa Hisabati wa Darasa la Sita, kurasa nne, uliotakiwa shuleni alfajiri ukarudufiwe. Steshenari ilishafungwa. Na hata ingekuwa wazi, mtihani si kitu cha kubebwa kwa flashi kwenda kwenye kompyuta inayoguswa na mtaa mzima. Mwanawe wa kidato cha pili akafungua faili, akabonyeza.

“Mama, inasema ofulaini.”

“Bonyeza tena.”

Akabonyeza tena. Akabonyeza mara saba.

Kisa chenyewe kilianza wiki tatu nyuma, dakika ile umeme uliporudi. Rauta ya nyumbani haigawi anwani moja kwa moja, inazipangisha. Mkataba wa kawaida ni wa saa 24, na kifaa kilicho hewani huomba kuongezewa muda kabla haujaisha, kwa hiyo siku za amani printa inaweza kubaki palepale miezi na miezi. Kisha umeme unakatika. Ukirudi, baadhi ya rauta za bei nafuu huamka zikiwa zimesahau, kwa sababu daftari lao la wapangaji liliandikwa kwenye kumbukumbu inayofutika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Vifaa vinakimbilia dirishani kuomba vyumba. Simu, zenye betri zao, zilikuwa macho muda wote, nazo zinafika kwanza. Printa bado inasafisha koo, inazungusha rola, inakohoa. Ikifika, namba 37 imeshachukuliwa na simu ya mgeni aliyelala hapo, nayo inapewa 52.

Hakuna kilichoharibika. Lakini laptopu ya mwalimu iliandikiwa 37 siku ya kwanza, na itabisha mlango wa 9100 wa simu ya mgeni hadi Kiama. Simu haina mlango huo. Foleni inajaa, kioo kinaandika kwamba printa haipo hewani, na mtoto anatumwa steshenari.

Fundi anayeitwa katika hali hii ana njia yake ya mkato: anaifuta printa kwenye kompyuta na kuiongeza upya. Kompyuta inatafuta, inaikuta 52, inaprinti. Mteja anafurahi. Ukitaka kujua nyumba imemlipa fundi mara ngapi kwa ugonjwa huohuo, usimuulize mtu. Fungua orodha ya printa kwenye Windows. Utaikuta mashine ileile imeandikwa kwa jina lake, chini yake imeandikwa tena na maneno “Copy 1”, chini yake “Copy 2”. Ile orodha ni stakabadhi. Je, fundi alidanganya? Hapana, aliulizwa kama inaprinti, na ikaprinti. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ilihama, wala kama itahama tena.

Mtandao ulio mfukoni mwa baba

Nyumba yenye rauta ina nafuu. Nyingi hazina. Intaneti yao ni hotspoti ya simu ya baba, na saa kumi na mbili asubuhi baba akipanda daladala, mtandao unaondoka naye mfukoni. Printa inabaki nyumbani ikitafuta mtaa ambao kwa wakati huo upo Kariakoo. Jioni mtandao ukirudi, hakuna ahadi kwamba namba zitakuwa zilezile. iPhone hugawa anwani zinazoanza na 172.20.10, nazo ni 13 tu kwa wageni wote. Android za zamani zilizoea 192.168.43, za sasa hubadilishabadilisha. Na siku baba akinunua simu mpya, mtaa mzima umehama.

Familia kama hizo zina njia ambayo wauzaji ni nadra kuitaja. Printa nyingi za waifai hutangaza mtandao wao wenyewe, wenye jina linaloanza na neno DIRECT. Simu au laptopu ikijiunga nao, printa ndiyo inayokuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hahami. Kwenye printa nyingi za HP, kwa mfano, anwani ya upande huo ni 192.168.223.1, iwe leo au mwakani. Baba anaweza kwenda na simu yake Kariakoo, Mbagala au Mtwara, watoto watachapa.

Hapahapa kuna dhana moja ya kuondoa, maana inawagharimu watu. Bando likiisha, wengi huamini na printa imekufa. Si kweli. Kazi inayotoka kwenye laptopu kwenda kwenye printa ndani ya nyumba moja haifiki hata mnara wa simu, haili hata shilingi ya kifurushi. Rauta huendelea kubeba kazi hizo hata kama intaneti imekatwa kwa kutolipiwa. Zipo mashine chache ambazo mtengenezaji ameziwekea sharti la kuwa na intaneti saa zote, na sharti hilo huandikwa kwenye boksi. Zilizobaki zinahitaji umeme, wino na mtu anayejua zilipo.

Kwa Kenya haja ya kuchapa ilifika kwenye meza za wazazi kwa kishindo. Tangu mtaala wa CBC uanze kutumika nchini kote mwaka 2019, malalamiko juu ya kazi za nyumbani zinazodai picha za kuchapwa hayajakoma, na saiba za mitaani zikawa darasa la pili. Tanzania nako fomu za kujiunga na shule hupakuliwa mtandaoni, na wasifu wa kazi na nakala za vitambulisho hupita mlemle. Kila karatasi inayopelekwa steshenari huacha kivuli chake. Faili la NIDA la shemeji linabaki limekaa kwenye kioo cha kompyuta ya pale dukani, mbele ya kila anayekuja kuprinti, na flashi inarudi nyumbani na virusi. Nani huhesabu gharama hiyo?

“Dada, kuna kitufe chenye herufi i?”

Saa nne usiku mwalimu akampigia mdogo wake, anayeshughulika na kompyuta huko Morogoro.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Printa imegoma, na alfajiri nina mtihani.”

“Usiizime. Ina kioo?”

“Haina. Ina vitufe tu.”

“Hebu tazama, kuna kitufe chenye herufi i ndogo?”

“Kipo.”

“Kibonyeze, ukishikilie kidogo.”

Mashine ikanguruma, ikavuta karatasi, ikatoa ukurasa uliojaa maandishi madogomadogo. Mtoto akaruka. Wiki tatu walikuwa wameambiana kwamba imekufa, na hii hapa imeandika barua.

Ukurasa ule unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza ni kipimo: kama umetoka na unasomeka, wino ni mzima, karatasi inapita, moyo unapiga, na ugonjwa uko njiani. Nyumba ikijua hilo tu imeokoa nauli ya fundi. Pili, ndani yake imo anwani yenyewe, kwenye mstari wenye neno IPv4. Printa zenye kioo huionyesha kwenye mipangilio ya mtandao bila kupoteza karatasi. Zisizo na kioo huwa na kitufe cha kushikilia kwa sekunde kadhaa, ama chenye herufi i, ama cha waifai. Kijitabu kilichokuja na boksi, ambacho watu hukitupa pamoja na maboya, kinataja ni kipi.

Mstari huo unastahili kusomwa vizuri. Ukianza na 169.254, printa ilibisha kwa rauta, haikuitikiwa, ikajibatiza namba yenyewe. Basi shida iko kwenye nywila ya waifai au kwenye umbali, na kuhangaika na kompyuta ni kumkamua ng'ombe dume. Zikiwa sifuri tupu, haijaunganishwa kabisa. Ukianza kama mtaa wa vifaa vingine vya nyumbani, printa ipo, imekaa, inasubiri.

“Nisomee,” akasema mdogo mtu.

“192.168.1.52.”

“Sasa mwambie mjomba afungue sifa za printa kwenye laptopu, pale penye ‘Ports’. Kuna mstari wenye tiki. Umeandikwa nini?”

Ulikuwa umeandikwa 192.168.1.37. Mwalimu akaiweka karatasi pembeni ya kioo, akatazama huku, akatazama kule. Wiki tatu za safari za steshenari zilikuwa zimelala katikati ya hizo namba mbili.

Si kila dirisha litakuwa wazi kiasi hicho. Wakati mwingine pale penye tiki pameandikwa WSD na mlolongo wa herufi usiosomeka. Hapo anwani hujificha kwenye ukurasa wa “Web Services” wa dirisha hilohilo. Pakiandikwa USB001, kompyuta inasubiri waya uliochomolewa mwaka juzi. Wenye kompyuta za Apple wana amri fupi, lpstat -v. Na ambaye printa yake haipo karibu anaweza kuuliza kwa mjumbe: kufungua ukurasa wa rauta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kwa nywila iliyobandikwa chini yake, na kusoma orodha ya waliomo. Printa za Brother za waifai, kwa mfano, hujitambulisha kwa jina linaloanza na BRW.

Namba ikishapatikana kuna jaribio moja tamu, nalo halihitaji fundi. Iandike kwenye kivinjari, pale ambapo watu huandika jina la tovuti. Ile tovuti ndogo ya mlango wa 80 inafunguka: jina la mashine, wino uliobaki, waifai iliyojiunga nayo. Watu wengi huona ukurasa huo kwa mara ya kwanza miaka mitatu baada ya kununua printa, kama mpangaji anayegundua kuwa nyumba ina dari.

Muuza mihogo na sauti yake

Watengenezaji watauliza, ya nini yote haya? Wao walishalimaliza tatizo. Mwaka 2002 Apple walileta teknolojia waliyoiita Rendezvous, baadaye Bonjour, ambayo huifanya printa ijinadi kwa jina lake ndani ya mtandao, na mwaka 2010 wakaja na AirPrint ili simu iprinti bila programu ya ziada. Wengine wakafuata. Ni kama muuza mihogo anayepita mtaani akinadi: hakuna anayehitaji kujua anakolala, mradi sauti yake isikike.

Hoja hiyo ina uzito, na siku nyingi inafanya kazi. Lakini sauti haivuki mtaa. Rauta yenye mtandao wa wageni huujengea ukuta, hivyo laptopu iliyojiunga upande wa wageni haisikii printa iliyo mezani mita moja kutoka ilipo. Nyumba iliyonunua rauta ya pili ili waifai ifike chumba cha uani mara nyingi imejitengenezea mitaa miwili bila kujua. Halafu siku sauti isiposikika, programu ya simu inatoa picha nzuri ya printa, alama nyekundu na ushauri mmoja: tafuta upya. Itafutwe wapi? Anwani ambayo ingemaliza mjadala imezikwa chini ya menyu tatu, kana kwamba ni siri ya kampuni. Kumrahisishia mteja ni jambo jema. Kumfanya asijue hata namba ya mlango wake mwenyewe ni kumfuga.

Windows nayo ina utundu wake. Kuna wakati anwani ni sahihi, mlango uko wazi, na bado inasema printa haipo hewani, kwa sababu tu iliuliza hali ya printa kwa itifaki nyingine iitwayo SNMP na haikujibiwa. Kuondoa tiki moja kwenye mipangilio ya poti humaliza mchezo. Lakini ataiondoaje asiyejua kwamba poti ni kitu gani?

Mlango ulioachwa wazi

Wapo watakaosema heri watu wasijue, maana anayejua mlango anaweza kuuacha wazi. Kisa chao wanacho. Novemba 2018 mtu aliyejiita TheHackerGiraffe alitumia Shodan, injini inayotafuta vifaa badala ya kurasa, akauliza printa zilizofungua 9100, 631 au 515 mbele ya dunia nzima. Akapata zaidi ya 800,000. Akachagua kama 50,000 zenye 9100, na katika nchi mbalimbali karatasi zikaanza kutoka zenyewe, zikiwahimiza watu wajiunge na chaneli ya PewDiePie ya YouTube, na zikiwaambia wenye printa wafunge milango yao. Mlango usio na maswali haukuuliza.

Lakini kisa hicho kinatetea upande huu. Wenye mashine zile hawakuponzwa na kujua. Printa ya nyumbani iliyo nyuma ya rauta, yenye anwani ya 192.168, kwa kawaida haifikiwi kutoka nje. Mtu lazima atoboe ukuta, aelekeze mlango wa rauta kwenda kwa printa, mara nyingi ili aweze kuchapa akiwa ofisini. Mwenye nyumba asiyejua poti hawezi hata kumuuliza fundi: umeacha wazi mlango gani, na kwa nini?

Hatari ya karibu zaidi haitoki ng'ambo, iko uani. Wapangaji wanaochangia waifai moja wanaishi mtaa mmoja, na printa ya chumba cha mbele inasikika chumba cha nyuma. Ndivyo mtu anavyoamka na kukuta kwenye trei yake barua ya talaka ya jirani. Ile tovuti ya mlango wa 80 ina nafasi ya kuweka nywila. Iwekwe.

Namba ya kubandika

Tiba yenyewe haina mbwembwe. Rauta nyingi zina sehemu ya kutenga anwani: unaionyesha namba ya MAC ya printa, ile ya tarakimu na herufi 12 iliyoandikwa kwenye ukurasa uleule, unaiambia kwamba huyu siku zote ni 52, na kuanzia hapo umeme ukatike mara ishirini kwa siku, chumba chake hakipangishwi kwa mwingine. Wengine huandika namba ya kudumu kwenye printa yenyewe bila kumshirikisha mjumbe. Ni sawa kama namba hiyo iko nje ya zile anazogawa, vinginevyo siku moja nyumba moja itapangishwa kwa watu wawili, na ugomvi wake ni mbaya kuliko ule wa kwanza.

Kinachodaiwa hapa kwa wauzaji na mafundi ni kidogo mno. Fundi bomba huonyesha koki kuu iko wapi kabla hajapokea hela yake ya mwisho. Anayeuza na kufunga printa afanye vivyo hivyo: atenge anwani, aandike namba nne na mlango wake kwenye kipande cha karatasi, akibandike ubavuni mwa mashine, chini ya kitambaa. Na mnunuzi asitoe hela kabla hajakiona. Mafundi wachache hufanya hivyo tayari, na wateja wao huwapigia simu wakiwa na swali la kazi mpya badala ya kilio kilekile.

Huko Tabata saa ilikuwa inaelekea tano. Mtoto alifuta 37, akaandika 52, akaacha itifaki kwenye Raw na poti kwenye 9100, akabonyeza kukubali. Sekunde chache, kimya. Kisha mashine ikaamka.

Foleni ya Windows haisahau. Karatasi ya kwanza kutoka ilikuwa barua ya kuomba mchango wa harusi iliyokwisha fungwa wiki mbili nyuma. Ukafuata wasifu wa kazi wa shemeji, kurasa tatu, na picha yake. Halafu mtihani wa Hisabati, kurasa nne. Halafu mtihani wa Hisabati. Halafu ukaanza tena, na rimu ikawa inapungua.

“Zima!” mwalimu akapiga kelele. “Zima pale ukutani!”

Mtoto akairukia ekstensheni, ile iliyobeba printa na rauta pamoja.

“Mjomba, usizime!” ikasikika sauti ya Morogoro kwenye simu. “Hatujaitengea namba bado!”